Fomu za ukaazi wa kudumu Canada: watoto, miaka ya kulima na JKT

Mimi ni wakili na kamishna wa viapo hapa Mbeya mjini. Wanaoomba ukaazi wa kudumu Canada huniletea makaratasi yao ili nithibitishe nakala na kuwaapisha, na kazi ya muhuri haichukui muda. Kinachotukalisha mezani hadi jioni ni majibu waliyojaza kwenye fomu. Hapo ndipo maombi ya watu waaminifu kabisa yanapoharibika, na inaniuma kila ninapoliona, maana mara nyingi lingezuilika kwa mistari miwili ya ukweli.

Kabla ya yote: kwa sheria ya Canada, anayeruhusiwa kulipwa kwa kukushauri au kukuwakilisha katika maombi ni wakili wa huko au mshauri wa uhamiaji mwenye leseni yao. Mimi nashughulikia hati za Tanzania. Anayekuambia kwamba ana mtu wake ubalozini na anataka malipo ya awali, achana naye.

Nianze na watoto, kwa kuwa kosa hili ndilo lenye gharama kubwa kuliko yote.

Dada mmoja, muuguzi kutoka Rungwe, alikuja na fomu ya taarifa za familia, ile IMM 5406, akiwa amejaza watoto wawili. Kwenye makaratasi yake ya bima ya afya ya kazini walikuwa watatu. Nilipomuuliza alisema, "Huyu wa kwanza nilimpata kabla ya ndoa, wakili. Anakaa na bibi yake Kandete. Haendi popote, sasa nimwandike wa nini?" Nilimwambia, "Dada yangu, fomu haijauliza nani anasafiri. Imeuliza una watoto wangapi." Tukamwandika.

Fomu inataka watoto wote: wa ndoa, wa nje ya ndoa, wa kuasili, wa kambo, walio watu wazima, hata marehemu. Mtoto aliye chini ya miaka 22 na hana mwenzi anahesabiwa tegemezi, na anatakiwa kupimwa afya na daktari aliyeteuliwa na Canada hata kama anabaki kijijini. Ukimwacha nje, kanuni ya 117 ya uhamiaji wao inamfungia mlango: utakapokuwa mkaazi wa kudumu na kutaka kumchukua, utajibiwa kwamba hakutajwa na hakupimwa, hivyo si wa familia yako kwa madhumuni ya udhamini. Mwaka 2019 ulianzishwa utaratibu wa muda wa kuwalegezea baadhi ya walioachwa hivyo, lakini haukumfunika kila mtu. Usipange maisha ya mwanao juu ya huruma ya utaratibu wa muda.

Najua kwa nini watu wanaficha. Mume hajui, au anajua na hapendi lisemwe. Wengine wanaogopa kwamba mtoto wa nje atawashusha mbele ya afisa. Afisa hapimi heshima ya mtu. Anapima kama karatasi hii inakubaliana na ile, na akiona umeficha jambo la msingi, kifungu cha 40 cha sheria yao kinakuzuia kuingia kwa miaka 5. Kama mtoto ndiye anayesafiri na mzazi mwenzako anabaki, kuna tamko lake la ridhaa, IMM 5604, linaloambatishwa na nakala ya kitambulisho chake chenye picha na saini. Kamtafuteni mapema. Baba aliyehamia Lubumbashi hapatikani kwa wiki moja.

Kwenye sehemu ya ndugu ya ile IMM 5406, wa baba mmoja mama tofauti anaandikwa. Mtoto wa baba mdogo, hata kama mmelelewa nyumba moja tangu utotoni, haandikwi.

Linalofuata ni ndoa. Kijana anajaza kwamba hajaoa, kisha kwenye anwani nagundua anaishi Ilomba na mwenzake kwa miaka minne na wana mtoto. Kwake kweli hajaoa: hakuna mahari iliyotolewa, hakuna cheti. Lakini Canada humtambua mwenza aliyeishi nawe kinyumba mfululizo kwa mwaka mmoja au zaidi, na hata Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, ina dhana ya ndoa kwa waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi wakajulikana kama mume na mke. Huyo si kapera. Mwandike mwenzako, kisha kusanya ushahidi wa kuishi pamoja: mkataba wa pango wenye majina yenu wote, kadi ya kliniki ya mtoto, barua ya mtendaji.

Sasa IMM 5669, fomu ya historia binafsi. Inataka miaka 10 iliyopita, au tangu ulipotimiza miaka 18 kama hiyo ni karibu zaidi, mwezi kwa mwezi, bila pengo. Hapa watu wa Nyanda za Juu Kusini wanakwama kwa namna ileile. Mtu amemaliza chuo 2017, ameajiriwa 2020, na katikati hakuna kitu. Ninamuuliza ulikuwa wapi. "Nilikuwa nyumbani tu." Nyumbani ukifanya nini? Anaeleza: alilima viazi Uporoto misimu miwili, akakodi shamba la mpunga Mbarali, akamsaidia kaka yake kupakia mbao Mafinga. Hiyo yote ni shughuli. Andika mkulima, taja kijiji, taja mwezi ulioanza na ulioacha. Na kama kweli ulikuwa unatafuta kazi, au unamuuguza mama, andika hivyohivyo. Hakuna aibu ndani yake na hakuna alama inayopungua. Pengo lisiloelezwa ndilo linalorudisha maombi au kumfanya afisa ajiulize ulikuwa unaficha nini.

Fomu hiyohiyo ina maswali ambayo watu hupita haraka wakijibu hapana kila mahali. Utumishi wa kijeshi au wa kimgambo: ukipitia JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) Mafinga au Itende baada ya kidato cha sita, jibu ni ndiyo, na unaandika kambi, tarehe na cheo kama ulikuwa nacho. Nafasi serikalini: afisa kilimo wa kata ni mtumishi wa umma, aandike. Vyama: CWT, kile cha walimu, ni chama cha wafanyakazi, kadi ya chama cha siasa ni uanachama, umoja wa wanafunzi chuoni nao umo. Kuwekwa mahabusu: ukilala kituoni siku moja kwa ugomvi wa mpaka wa shamba na kesi ikaishia kwa mwenyekiti, bado uliwekwa mahabusu, jibu na ueleze. Kunyimwa viza: ya nchi yoyote, si ya Canada peke yake.

Anwani. Sanduku la posta halikubaliwi kama mahali ulipoishi. Andika mtaa, kata na wilaya, na namba ya nyumba kama ile ya operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 ipo mlangoni. Kuna jambo moja la kwetu ambalo afisa aliye mbali hawezi kulijua. Njombe ilitengwa na Iringa mwaka 2012, na Songwe ikatengwa na Mbeya mwaka 2016. Mtu wa Tunduma cheti chake cha kuzaliwa kinasema Mbeya, kitambulisho cha NIDA kinasema Songwe. Mtu wa Makete ana Iringa hapa na Njombe pale. Kwa macho ya mgeni hao ni watu wawili waliozaliwa mahali tofauti. Sentensi mbili kwenye barua ya maelezo, zenye mwaka wa kila mkoa kuanzishwa, zinamaliza shaka. Usiibadilishe fomu ilingane na karatasi moja na kuikana nyingine.

Majina nayo yana yake. Jina la ubatizo liko kwenye vyeti vya shule, la nyumbani liko kwenye cheti cha kuzaliwa, na la babu linaonekana kwenye pasipoti pekee. Fomu ina kisanduku cha jina la familia na kisanduku cha majina mengine. Fuata pasipoti ilivyopanga, halafu kwenye sehemu ya majina mengine uliyowahi kutumia weka yote. Hapo kiapo cha majina kinafaa. Lakini tarehe ya kuzaliwa ikipishana baina ya hati kuu, nenda RITA kwa cheti cha kuzaliwa au NIDA kwa kitambulisho ukarekebishe penye kosa, maana kiapo changu hakiwezi kusahihisha daftari la serikali. Asiye na cheti cha kuzaliwa kabisa aanze na hilo kabla ya lolote, akiwa na cheti cha ubatizo, kadi ya kliniki au cheti cha kumaliza shule ya msingi. Mwenye mwaliko wa Express Entry, mfumo wa Canada wa kuchagua wafanyakazi wenye ujuzi, ana siku 60 tu za kuwasilisha kila kitu, na siku hizo hazimsubiri msajili.

Kiapo hakisaidii pia kwa aliyejiajiri. Fundi magari wa Mafiati anataka nimwapishe kwamba amekuwa fundi miaka sita. Naweza kumwapisha, lakini ataitupa hela yake, kwa kuwa maelezo ya mtu kuhusu kazi yake mwenyewe, hata ya kiapo, hayapokelewi kama ushahidi wa kujiajiri. Wanataka karatasi za wengine: leseni ya biashara, makaratasi ya kodi ya TRA, barua za wateja zinazotaja kazi aliyowafanyia na malipo. Mwajiriwa yeye alete barua yenye nembo ya mwajiri ikitaja cheo, majukumu, saa za kazi kwa wiki, mshahara na tarehe. Barua ya "kwa yeyote anayehusika" yenye mistari mitatu haitoshi.

Cheti cha tabia njema cha polisi kinahitajika kwa kila nchi uliyokaa miezi 6 au zaidi mfululizo ndani ya miaka 10 iliyopita, ukiwa umeshafikisha miaka 18. Waliofanya biashara Lusaka au Karonga huwa wanasahau hilo. Hati za Kiswahili, kama hukumu ya talaka ya Mahakama ya Mwanzo, zitafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa, mfasiri aape, na asiwe ndugu yako hata kama ndiye mwalimu bora wa Kiingereza wilayani. Fedha za kujikimu ziwe benki, na barua ya benki ionyeshe wastani wa miezi 6. Shamba la miti Mufindi, hata liwe na hati, halihesabiwi mpaka liuzwe, na likiuzwa ambatisha mkataba wa mauzo ili kiasi kikubwa kilichoingia ghafla kieleweke.

Wengine huniuliza kwa sauti ya chini kama watapoteza uraia wa Tanzania. Ukaazi wa kudumu hauondoi uraia. Ni kuchukua uraia wa Canada kwa hiari ukiwa mtu mzima ndiko kunakokutoa kwenye uraia wetu.

Ukimaliza, hifadhi nakala ya kila ukurasa uliotuma, pamoja na tarehe ulizojaza. Utakapoomba kumdhamini mtoto au mama miaka kadhaa baadaye, fomu mpya italinganishwa na hii.