Kechi au Yoli? Acheni Kulitazama Gurudumu

Juma lililopita nilikuwa kwenye sitaha ya chombo chenye milingoti miwili, nimeitwa kukagua nyaya za mlingoti wa nyuma, ambao pamoja na tanga lake huitwa galme, nikasikia tena maneno ambayo nimeyasikia tangu nilipoanza kazi ya kusimamisha milingoti: "Galme iko nyuma ya usukani, kwa hiyo hii ni yoli." Aliyeyasema ni mwenye chombo mwenyewe, mtu makini na msomaji, na wakati akiyasema mkono wake ulikuwa juu ya gurudumu. Chombo chake ni kechi, aina nyingine ya chombo cha milingoti miwili. Ni kechi isiyohitaji mjadala, yenye galme inayokaribia nusu ya tanga kuu, na mhimili wa usukani wake uko zaidi ya mita moja nyuma ya mlingoti aliokuwa akiuzungumzia. Nilimweleza kwa upole. Jioni ileile nikapokea ujumbe wa mtu mwingine, kuhusu chombo kingine, wenye imani hiyohiyo, na hapo upole ukaniishia.

Sehemu ya lawama ni ya lugha yetu. Neno usukani tunalitumia kwa ubao unaokata maji chini ya tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, na tunalitumia hilohilo kwa gurudumu analolishika nahodha, kama dereva anavyoshika usukani wa gari. Kanuni ya kutofautisha kechi na yoli inauhusu ubao, au kwa usahihi zaidi mhimili unaouzungusha ubao huo, na haina habari kabisa na gurudumu. Kana, yaani mpini wa usukani, ilipokuwa imechomekwa juu ya mhimili wenyewe, na aliyeishika akakaa hapohapo, kosa hili lilikuwa gumu kulifanya. Gurudumu lilikuja na kamba zake, minyororo yake na mabomba yake ya haidroliki, likampa msanifu uhuru wa kuliweka popote apendapo: katikati ya chombo, ndani ya chumba chenye vioo, au mawili kwa pamoja, moja kila upande. Viko vyombo vyenye gurudumu moja ndani, mbele ya mlingoti wa galme, na jingine nje, nyuma yake. Kwa hesabu ya wenye imani hii, chombo cha namna hiyo ni kechi wakati wa jua, na mvua ikinyesha nahodha akaingia ndani, kinageuka yoli.

Kanuni yenyewe ni hii: mlingoti wa nyuma ukiwa mfupi kuliko wa mbele, na ukasimama mbele ya mhimili wa usukani, chombo ni kechi, ukisimama nyuma ya mhimili huo, ni yoli. Nimewafundisha hivyo wanagenzi wengi, na naona haya kidogo kukiri kwamba siiamini sana. Inafaa zaidi vyombo vya mikuku mirefu (mkuku ni uti wa chini wa chombo), ambavyo usukani wake umeangikwa mwishoni mwa mkuku, na mwisho huo mara nyingi umeingia ndani, mbali na ncha ya tezi. Nyuma ya mhimili kunabaki sitaha ya kusimamisha mlingoti, lakini ni sitaha nyembamba isiyoweza kubeba mlingoti mkubwa, kwa hiyo mahali na ukubwa huenda pamoja: galme ya nyuma kabisa haina budi kuwa ndogo, na galme iliyo mbele ya mhimili inaweza kuwa kubwa. Vyombo vya siku hizi vina mkuku mfupi katikati na usukani uliosogezwa nyuma hadi karibu na ukingo wa tezi. Nyuma ya mhimili wake hakuna mahali pa kuweka hata ndoo. Msanifu akiweka galme ndogo sana, ile ambayo kwa matendo yake yote ni ya yoli, mlingoti wake utaangukia mbele ya mhimili, na kanuni itatulazimisha tukiite chombo hicho kechi.

Mimi hukiita yoli. Wako wenzangu wa kazi wanaokasirika nikifanya hivyo, na sina hoja ya kuwanyamazisha, kwa kuwa kipimo changu ni cha macho: galme ikiwa chini ya robo ya tanga kuu naanza kusema yoli, ikikaribia nusu nasema kechi, na kati ya hapo natafuta jambo jingine la kuzungumza. Tezi na omo, marejeo ni ngamani. Uanzie kwenye mhimili au uanzie kwenye ukubwa, utarudi kwenye swali la tanga hilo linafanya kazi gani.

Kabla ya kulijibu, niwaondoe njiani wale ambao si wa mjadala huu. Skuna yenye milingoti miwili haina galme, kwa sababu mlingoti wake wa nyuma ndio mkuu, nao huwa sawa na wa mbele au mrefu kuupita. Ndivyo ilivyokuwa skuna America, iliyoshinda mwaka 1851 kombe lililokuja kuitwa kwa jina lake, na ndivyo ilivyokuwa Bluenose ya mwaka 1921. Brigi ina matanga ya mraba kwenye milingoti yote miwili, na ni somo la siku nyingine. Atakayejifunza haya kwa Kifaransa ajihadhari, maana neno misaine, ambalo kwa sura ni ndugu wa majina ambayo lugha nyingine za Ulaya hulipa tanga la nyuma, kwa Wafaransa ni la mlingoti wa mbele, na galme wao huiita artimon. Tukicheka mkanganyiko wa usukani wetu, tukumbuke kwamba hatuko peke yetu.

Sasa kazi. Wengi hudhani kuwa galme imewekwa ili kuongeza mwendo, kwa mantiki kwamba matanga mengi ni nguvu nyingi. Mtu wa namna hiyo ningempeleka akaitazame picha yoyote ya meli za mvuke zilizokuwa zikivua kwa nyavu za kuelea katika Bahari ya Kaskazini. Zilikuwa na injini, hazikuhitaji tanga la kuzisukuma, na bado zilibeba galme tezini. Zilipotandaza nyavu na kulala nazo usiku kucha, galme iliyokazwa bapa ilielekeza omo, yaani pua ya chombo, kwenye upepo na mawimbi, meli ikatulia. Mvuvi aliyeachana na matanga yake yote alilibakiza hilo moja, naye hakuwa mtu wa kutunza mapambo.

Sababu ni umbali. Chukua chombo ambacho tanga kuu lake lina mita za mraba 30, na kitovu cha tanga hilo kiko mita 1 nyuma ya pale chombo kinapogeukia majini. Chukua galme ya mita za mraba 6 tu, lakini kitovu chake kiko mita 5 nyuma ya palepale. Zidisha eneo kwa umbali: 30 na 30. Kwa upepo uleule, kitambaa ambacho ni moja ya tano ya kingine kina uwezo uleule wa kuizungusha omo kuelekea joshini, upande upepo unakotoka. Kwa hiyo ninapovuta demani ya galme, yaani kamba ya kulikaza tanga, kwa shubiri mbili naelekeza chombo zaidi kuliko ninavyokisukuma, na ninapoilegeza, omo inaanguka upande upepo unakoelekea bila mtu kugusa gurudumu. Galme ni usukani wa pili, ulio hewani. Na hapo tofauti ya yoli na kechi inapata maana ya kweli, kwani galme ya yoli hufanya kazi hii karibu peke yake, ilhali ya kechi hukisawazisha chombo na pia hukivuta.

Hesabu hiyo nimeirahisisha, tena sana. Kitovu tunachokichora ni kitovu cha umbo la kitambaa kwenye karatasi, na nguvu halisi ya upepo haikai hapo. Huhama kadiri tanga linavyokazwa, na chombo kikilalia upande huhamia nje juu ya maji, kikaongeza hamu ya kwenda joshini hata kama hakuna aliyegusa kamba yoyote. Wasanifu wanalijua hili, na dawa yao ni kukiweka kitovu cha matanga mbele kidogo ya kitovu cha ukinzani wa maji, kwa sehemu fulani ya urefu wa chombo kwenye mstari wa maji. Hicho "kidogo" ni kiasi gani? Vitabu hutoa asilimia kwa ujasiri. Nijuavyo mimi, asilimia hizo zimetokana na vyombo vilivyojengwa vikaenda vizuri, yaani ni mazoea yaliyovishwa koti la hesabu, na nimewahi kusogeza mlingoti wa galme kwa kufuata hesabu safi kisha nikaurudisha pale ulipokuwa.

Doa jingine ni hewa chafu. Chombo kikipiga bisho, yaani kikienda upande upepo unakotoka, galme hupokea upepo ambao tayari umepindwa na tanga kuu, kwa hiyo inabidi ikazwe zaidi, na mara nyingi haichangii mwendo wowote wa maana. Kwa yoli nyingi huwa naishusha kabisa, na chombo hakipungukiwi kitu ila uzito kwenye usukani. Upepo ukitoka nyuma, galme inalifunika tanga kuu na kuisukuma tezi pembeni, na kuna hatari chombo kikajigeuza ghafla kikalala ubavu kwa mawimbi. Hapo iwe ya kwanza kushushwa. Raha yake iko katikati, upepo ukiwa wa ubavuni, ambapo unaweza kutandaza kati ya milingoti miwili tanga jepesi linaloshuka kutoka kichwani mwa galme, mara nyingi kubwa kuliko galme yenyewe. Hilo, nakubali, ni la mwendo tu.

Hata sifa yake kuu, kwamba upepo ukichacha unashusha tanga kuu na kuendelea na tanga la mbele na galme, huimbwa kwa sauti kubwa mno. Chombo husawazika kweli, na hakuna mtu anayelazimika kupambana na kitambaa kikubwa katikati ya sitaha inayorukaruka. Lakini kwenda joshini katika bahari iliyovimba ni kitu kingine. Yoli iliyobaki na vitambaa viwili vidogo, kimoja omo na kimoja tezi, mara nyingi haina nguvu ya kupasua wimbi, nayo huenda kombo kama kaa. Kechi hufanya vizuri zaidi. Na kwenye nanga, ambako galme bapa husifiwa kwa kukizuia chombo kisiyumbe huku na huku, nimeona vyombo vya omo ndefu na mkuku mfupi vikiendelea kuyumba kana kwamba hakijafungwa kitu. Sijui kwa nini vingine hutii na vingine hukaidi.

Kuhusu mbio, niseme kwa ufupi, kwa kuwa hapa ndipo historia ilipozidisha sifa za yoli. Dorade ya msanifu Olin Stephens, iliyoshinda mashindano ya kuvuka Atlantiki mwaka 1931, ilikuwa yoli. Finisterre ya Carleton Mitchell, iliyoshinda mbio za Bermuda mara tatu mfululizo, 1956, 1958 na 1960, ilikuwa yoli. Vyombo vyema vyote viwili, lakini kanuni za kupimia vyombo vya mbio za miaka hiyo hazikuitoza galme adhabu kubwa, kwa hiyo ilikuwa njia nafuu ya kuongeza kitambaa. Kanuni zilipobadilika, yoli zikapotea kwenye mistari ya kuanzia kana kwamba zimezama. Aliyetaka ushahidi kwamba milingoti miwili inaweza kwenda mbio ameupata kwa Steinlager 2, kechi ya nahodha Peter Blake, iliyoshinda hatua zote sita za mbio za kuizunguka dunia za 1989 na 1990. Ila ile ni kechi yenye galme kubwa ya kuvuta, wala si kijitanga cha tezini.

Kwa msafiri wa peke yake, ushahidi ni wa aina nyingine. Joshua Slocum aliondoka Boston mwaka 1895 kuizunguka dunia akiwa na slupu, chombo cha mlingoti mmoja, akafupisha mlingoti wake kwa futi 7 alipokuwa Buenos Aires, kisha akasimamisha mlingoti mdogo tezini, akarudi mwaka 1898 akiwa na yoli. Robin Knox-Johnston alikaa baharini siku 312 akiizunguka dunia na Suhaili, kechi ya futi 32, na kifaa chake cha kujiongoza kwa upepo kilipovunjika aliendelea kwa kuyasawazisha matanga mpaka chombo kikashika njia chenyewe. Hakuna kati yao aliyehitaji kupima gurudumu liko wapi.

Gharama nazo zipo. Mlingoti wa pili ni uzito juu, ni nyaya zaidi, ni mti wa chini wa tanga unaogombana na kifaa cha kujiongoza, na mara nyingi ni waya wa kushikiza mlingoti mkuu uliokosa mahali pa kushuka kwa sababu galme imesimama katika njia yake. Wenye kechi wengi hulitatua hilo kwa waya mmoja unaounganisha vichwa vya milingoti miwili, suluhisho ambalo silipendi, kwa kuwa mlingoti mmoja ukianguka humwita mwenzake. Waya huo ndio nilioitwa kuukagua siku ile. Nyuzi tatu zilikuwa zimekatika upande wa galme, ndani ya kikonyo, yaani kishikio cha mwisho wa waya, mahali pasipoonekana kutoka sitahani. Niliteremka nikamwonyesha mwenye chombo picha niliyoipiga juu, akaitazama kwa makini, kisha akaniuliza kama yoli zote huwa na waya wa namna hiyo.