Eti Waazteki wa Meksiko ya kale hawakuwa na maandishi, walikuwa wanachora tu?

Hii ndo naisikia sana, mtu akishaona kurasa za Codex Mendoza (kitabu chao cha michoro cha miaka ya 1540, kiko Oxford siku hizi) anasema picha nzuri, basi. Sasa ile michoro midogo iliyofungwa kwa kamstari nyuma ya kichwa cha mfalme siyo mapambo, ni jina lake, na linasomwa kwa Kinahuatl, lugha yao. Chimalpopoca ni ngao inayofuka moshi. Itzcoatl ni nyoka aliyejaa vipande vya obsidiani (jiwe jeusi la volkano lenye makali) mgongoni.

Alafu kuna wanaosema sawa ni maandishi, ila ukiona sungura maana yake sungura. Mara nyingine ni kweli, Chapultepec ni panzi juu ya mlima na jina lenyewe ni mlima wa panzi, hapo hakuna shida. Lakini njoo Tochpan, Tuxpan ya leo: wamechora sungura (tochtli) na bendera (pantli), na kwenye maana ya jina bendera haimo kabisa, imeletwa kwa ajili ya sauti -pan ambayo inaonyesha mahali, kama -ni yetu ya mjini na shambani. Meno, tlantli, yanakupa -tlan, nayo ni ya mahali. Na kali kuliko zote ni Tollantzinco, matete yanaota juu ya mtu aliyekatwa kiunoni, yaani makalio na miguu tu, kwa sababu tzintli ni makalio wakati kwenye jina ile -tzin ni udogo tu 😂 na mchoraji yuko siriaz kabisa.

Usitafute alfabeti wala mstari wa kushoto kwenda kulia. Vipande vinabanwa pamoja na vingine havichorwi kabisa: Tenochtitlan ni jiwe na dungusi kakati juu yake, te na noch, hiyo -titlan msomaji anajazia mwenyewe.

Na wale wanaodhani yote yaliisha Wahispania walipouteka mji wao mkuu, hiyo Tenochtitlan, 1521, hapana bwana, waandishi waliendelea na wakaanza kuandika hadi majina ya hao wageni. Mendoza, makamu wa mfalme wa Hispania huko, kwenye kitabu kingine, Codex Telleriano-Remensis, ni mmea wa jamii ya mkonge, metl, na mnyama mchimba mashimo kama fuko, tozan, unapata me-toza, maana Kinahuatl hakina d. Pedro de Alvarado, mmoja wa wavamizi wa Kihispania, wala hawakuhangaika na sauti za jina lake, walishampachika Tonatiuh, yaani Jua, kwa hiyo wakamchorea jua.