Ukimtafuta babu kwenye timu ya kazini, anza na kazi yake

Wanaoniomba niwasaidie kumtafuta babu aliyecheza soka Uingereza zamani, wengi huanza na jina kubwa. Babu alichezea Arsenal. Babu alikuwa Manchester United. Mimi huuliza kwanza: alikuwa ameajiriwa wapi?

Siulizi ili kumvunja mtu moyo. Klabu hizo zenyewe zilizaliwa kazini. Mwaka 1878 wafanyakazi wa karakana ya mabehewa ya reli ya Lancashire and Yorkshire, huko Newton Heath, walianzisha timu yao, na ni mwaka 1902 tu ndipo ilipoanza kuitwa Manchester United. Mafundi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich walianza kwa jina la Dial Square mwaka 1886. Leo ndiyo Arsenal. West Ham United ilitokana na Thames Ironworks, timu ya wajenzi wa meli ya mwaka 1895. Kwa hiyo habari za ukoo huwa na chembe ya kweli. Ila mara nyingi babu hakuwa kwenye timu iliyopata umaarufu. Alikuwa kwenye timu ya idara, ya ghala au ya makarani, akicheza ligi ya ridhaa bila kulipwa hata senti. Timu za namna hiyo zilikuwa nyingi sana, na huko ndiko utafiti wangu unakoishia karibu kila mara.

Kitu cha kwanza ninachokitazama ni siku ya mechi. Sheria ya viwanda ya 1850 iliagiza wanawake na vijana wa viwanda vya nguo waache kazi saa 8 mchana siku ya Jumamosi, na polepole nusu siku hiyo ikaenea kwa wafanyakazi wengine. Ndiyo maana timu za viwandani zilicheza Jumamosi alasiri. Muuza duka hakuwa na nafasi hiyo, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku wateja wanapofurika. Yeye alipumzika nusu siku katikati ya wiki, na sheria ya maduka ya 1911 ikaifanya kuwa haki yake. Zikawepo ligi za Jumatano na za Alhamisi. Ukikuta picha ya ligi ya Jumatano, mtafute babu nyuma ya kaunta kwanza, kwenye bucha au duka la vitambaa, kabla hujaenda kwenye tanuri la chuma.

Ukishaijua kazi, nenda kwenye sensa. Naipenda sana ile ya 1921, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022, kwa sababu iliuliza jina la mwajiri na mahali pa kazi. Ya 1911 inakupa kazi na aina ya shughuli tu. Baada ya hapo kuna pengo kubwa: sensa ya 1931 ya England na Wales iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Daftari la wakazi la Septemba 1939 huziba sehemu ya pengo hilo.

Sasa magazeti, na hapa ndipo watu wanapopotea. Gazeti la mji lilichapa vikosi vya Jumamosi kwa majina ya ukoo peke yake, pengine na herufi moja mbele. Jina la namna hiyo si ushahidi, hasa kama babu yako aliitwa Smith, jina la watu wengi mno Uingereza. Njia ninayoitumia ni kumwacha babu kando na kumtafuta mwenzake mwenye jina la nadra. Huyo huonekana upesi, na ukimpata umeipata timu nzima. Kisha soma kikosi kwa mpangilio wake: kipa, mabeki wawili, viungo watatu, washambuliaji watano. Nafasi ya jina katika orodha ndiyo nafasi ya mtu uwanjani. Jina likikaa mahali pale pale wiki baada ya wiki, na wenzake wanne au watano ukiwakuta kwenye sensa wakiwa chini ya mwajiri mmoja, hapo naanza kuamini.

Usimsahau bibi. Wanawake wa kiwanda cha Dick, Kerr huko Preston waliunda timu mwaka 1917, na tarehe 26 Desemba 1920 walitazamwa na watu wapatao 53,000 kwenye uwanja wa Goodison Park. Mwaka uliofuata, Desemba 5, FA, chama cha soka cha England, ikazuia vilabu vyake kuwapa wanawake viwanja, na katazo hilo likadumu karibu miaka 50. Bibi mtafute kwa jina la kabla ya kuolewa.

Mwaka juzi mama mmoja aliniletea medali ndogo ya dhahabu iliyokuwa ikining'inia kwenye mnyororo wa saa ya babu yake. Nilimsihi asiisugue, maana kila kusugua kunakula maandishi. Nikaiweka chini ya taa iliyolala upande. Nyuma yake palikuwa na nanga, 9, .375 na herufi moja ndogo. Nanga ni muhuri wa Birmingham, namba ni dhahabu ya karati 9, na herufi inataja mwaka medali ilipopimwa, ambao si lazima uwe mwaka ilipotolewa. Mbele palibaki herufi za kwanza za jina lake na kifupi cha timu ya bohari ya reli.

Kwao ilisemwa kwamba babu aliacha mpira baada ya kuvunjika mguu. Kwenye gazeti nilimkuta beki wa kushoto, majuma saba mfululizo, halafu kimya. Kumbukumbu nyingi za wafanyakazi wa reli zimehifadhiwa kwenye nyaraka za taifa huko Kew, London, katika majalada yaliyopewa alama ya RAIL, na huko nikaliona jina lake, kituo chake, na mstari mmoja wa wino: amehamishwa. Nikafungua gazeti la mji aliopelekwa, nikahesabu Jumamosi. Ya tatu alikuwepo, na timu nyingine ya reli, beki wa kushoto.