Chumba cha Darini Hakianzii kwenye Dirisha
Familia ikikosa nafasi Nairobi, utasikia ushauri huu: “Darini pako wazi, tupige mbao juu ya boriti, tutoboe dirisha la kuchomoza kwenye paa, chumba tayari.” Si kweli, na ni hatari. Boriti za dari ziliwekwa kubeba jipsamu na taa, si kitanda, kabati na watoto wanaoruka. Tena paa la nyumba nyingi limeshikwa na mbao zilizofungamanishwa kwa pembetatu. Ukikata moja bila kuweka tegemeo jingine, paa linaweza kubonyea na kusukuma kuta nje.

Kwa hiyo wa kwanza kuitwa ni mhandisi wa miundo, akague msingi, kuta na paa, kisha apime boriti mpya za sakafu. Ngazi nayo ipangwe mapema, maana hula nafasi ya chini.

Wengine hudai kibali hakihitajiki kwa kuwa nyumba haipanuki kiwanjani. Kinahitajika: sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inataka idhini ya kaunti kabla ya kujenga. Na chini ya mabati, bila kizuia joto, mchana wa Februari hakukaliki.