Mhandisi wa moto, chama chake na mhuri: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mwanachama wa IFE anaweza kuidhinisha jengo.

Hawezi. IFE, taasisi ya wahandisi wa moto iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1918, hupima ujuzi wa mtu, humpa daraja la uanachama na kumdai maadili. Kukagua kinga na tahadhari za moto kwenye jengo la Dar es Salaam ni kazi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa sheria ya mwaka 2007. Kibali cha kufanya kazi ya uhandisi nchini nacho hutolewa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB. Kadi ya Uingereza haifuti hata moja kati ya hayo.

Dhana: Mhandisi yeyote mwenye mhuri wa ERB anatosha.

Hii ndiyo inayogharimu. Mhuri unaonyesha kwamba mtu amesajiliwa katika fani yake. Hauonyeshi kwamba anajua kupiga hesabu za moto. Chukua ghorofa la Kariakoo lililochorwa kuwa ofisi, kisha likageuzwa maduka. Kwa BS EN 12845, kiwango cha Uingereza na Ulaya cha vinyunyizio vya maji vya kuzima moto, ofisi huwekwa daraja la OH1 (OH ni hatari ya kawaida, na namba ikipanda hatari nayo hupanda): vinyunyizio vitoe milimita 5 za maji kwa dakika juu ya mita za mraba 72, kwa dakika 60. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo hiyo ni lita 360 kwa dakika, na tangi la lita 21,600. Maduka makubwa ni OH3: milimita ni zilezile 5, ila eneo ni mita za mraba 216. Sasa unahitaji lita 1,080 kwa dakika na tangi la lita 64,800, na hapo bado hujaongeza ziada inayotokana na tofauti za presha kwenye mabomba. Pampu ya zamani itanguruma vizuri siku ya majaribio, kila mtu atapiga makofi, na maji yatakwisha moto ukiwa bado unakula vitambaa. Marobota yakirundikwa karibu na dari, hata OH3 haitoshi.

Kwa hiyo muulize mhandisi: jengo hili umeliweka daraja gani, na kwa matumizi yapi? Anayejua hujibu kwa tarakimu. Asiyejua, maadili ya taaluma yanamtaka aikatae kazi au amwite mwenye ujuzi.

Dhana: Ukishapata uanachama, umemaliza.

Viwango hurekebishwa, ndiyo maana vyama hudai mafunzo endelevu. Tazama cheti ni cha mwaka gani.

Dhana: NFPA ni sheria.

NFPA ni shirika la Marekani la mwaka 1896 linaloandika viwango. Halina askari wala mahakama. Kiwango chake hukubana pale sheria au mkataba unapokitaja. Wala usichanganye: mchoro unaochukua eneo la kunyunyiziwa maji kutoka NFPA 13, kiwango cha shirika hilo cha vinyunyizio, na ukubwa wa tangi kutoka BS EN 12845 urudishwe kwa aliyeuchora, maana tarakimu hizo hazikupigiwa hesabu pamoja.