Windows ikibisha hodi, programu yako ina sekunde ngapi za kuitika?

Saa mbili na robo asubuhi simu inaita, ni mzee mmoja mwenye duka la hadwea Tandika niliyemtengenezea programu ya mauzo. Nikamwamkia, akaitikia, halafu moja kwa moja akaniambia, "Kijana wangu, zile oda za jana jioni hazipo." Oda 11. Pale mafundi huwa wanapita jioni wanaandikisha mabati, misumari, rangi, oda inaachwa wazi, kesho yake wanakuja na hela na gari ya kubebea. Sasa wako kaunta wanasubiri na keshia hakumbuki nani alitaka bati za geji 28 na nani geji 30.

Nilienda mwenyewe. Kufungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, nikakuta usiku Windows ilimaliza apdeti ikajizima na kujiwasha, na programu yangu ilikuwa na kile kidirisha cha kuuliza "Kuna oda hazijaseviwa, una uhakika unataka kufunga?", vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Duka limefungwa, taa zimezimwa, nani angebonyeza? Windows ilingoja kidogo ikaua programu na oda zote zikiwa bado kwenye memori. Kosa lilikuwa langu na lile ndo limenifanya nikae chini nisome vizuri jinsi mfumo unavyoongea na programu zetu za desktopu, maana wengi tunajifunza kitufe kikibonyezwa ufanye nini, ila yale matukio yanayotoka kwa mfumo wenyewe hatuyagusi kabisa.

Iko hivi. Programu yoyote ya Windows yenye dirisha ina mzunguko mmoja ndani yake, GetMessage inachukua ujumbe, DispatchMessage inaupeleka kwa dirisha husika, basi, inarudia hivyo mpaka inafungwa. Umebonyeza kibodi, umesogeza mausi, dirisha linataka kuchorwa upya, vyote vinapita hapo. Na habari za mfumo, yani kompyuta inazimwa, laptopu inalala, printa imechomolewa, nazo zinaingilia mlango huohuo. Kwa hiyo kama umeweka ripoti ya mwezi mzima itengenezwe kwenye thredi kuu, yani njia ileile ya kazi inayoendesha huo mzunguko, na inachukua sekunde 30, hizo sekunde 30 mlango wako umefungwa. Ikipita sekunde 5 hujapokea ujumbe Windows inakuhesabu umeganda, inaandika Not Responding juu ya dirisha, na hodi ikipigwa wakati huo husikii. Kazi nzito zote peleka thredi nyingine, hapo mi sina mjadala na mtu.

Sasa kuzima. Windows inatuma kwanza WM_QUERYENDSESSION, hiyo ndo hodi yenyewe, inauliza naweza kuzima? Unajibu ndiyo au hapana. Halafu inakuja WM_ENDSESSION kukuambia uamuzi, na ukishamaliza kuishughulikia hiyo ujue programu inaweza kuuawa muda wowote, usipange kufanya kitu baadaye. Una kama sekunde 5, zikipita mtumiaji anawekewa skrini nzima yenye orodha ya programu zinazozuia kuzima, na watu wengi wanabonyeza zima hivyohivyo, mi mwenyewe nabonyeza. Kidirisha cha kuuliza swali hapo hakina nafasi. Kwenye WinForms, zana ya C# ya kutengeneza madirisha, dawa yake ni fupi tu, ndani ya FormClosing, tukio la dirisha kutaka kufungwa, angalia CloseReason, yani sababu ya kufungwa, kama ni UserClosing muulize mtu, kama ni WindowsShutDown usiulize, sevu kimyakimya uondoke. Na kama kweli uko katikati ya kitu kisichokatishika, tuseme unanakili bakapu kwenye flashi, ipo ShutdownBlockReasonCreate ambayo inakuruhusu kuandika sababu itakayotokea kwenye ile skrini, mi nimeandika "Inamalizia bakapu ya mauzo ya leo, subiri kidogo" na keshia anaelewa.

Kulala ni habari nyingine na ndo inayotusumbua zaidi, maana maduka mengi siku hizi yanatumia laptopu na keshia akienda kuswali au kula anafunga mfuniko. Ujumbe wake ni WM_POWERBROADCAST yenye PBT_APMSUSPEND na hapo una kama sekunde 2 tu. Zamani ulikuwa unaulizwa na unaweza kukataa, tangu Windows Vista huulizwi tena, unaambiwa tu. Ikiamka unapata PBT_APMRESUMEAUTOMATIC kila mara, na PBT_APMRESUMESUSPEND inakuja pale tu ambapo mtu mwenyewe yupo kwenye mashine, kwa hiyo mambo ya kuunganisha upya yaweke kwenye ile ya kwanza. Na shida kubwa iko kwenye kuamka, sio kulala. Muunganisho wako na seva ya stoo unaonekana uko wazi kumbe umekufa zamani, keshia anabonyeza Uza, programu inakaa inasubiri jibu ambalo haliji na mteja ameshika hela mkononi. Ikiamka usiamini muunganisho wowote wa kabla ya kulala, ufunge ufungue mwingine, na usijaribu mara moja ukakata tamaa kwa sababu wifi yenyewe inachukua sekunde kadhaa kurudi, jaribu, ngoja, jaribu tena.

Kwa wanaotumia C#, SystemEvents.PowerModeChanged inakupa haya bila kugusa ujumbe wa chini, ila ni tukio la static, yani ni la programu nzima sio la dirisha moja, usipojitoa wakati dirisha linafungwa, dirisha hilo linabaki kwenye memori mpaka programu izimwe. Na kama umeandika servisi, programu ya nyuma ya pazia isiyo na dirisha, na haina mzunguko wa ujumbe, tukio hilo halitakufikia kabisa. Kuna mtego mwingine uliokula siku 2 zangu nzima: nilitengeneza dirisha la siri la aina ya HWND_MESSAGE nikidhani ndo sehemu safi ya kupokelea habari za mfumo, kumbe dirisha la aina hiyo halipati ujumbe unaotangazwa kwa madirisha yote. Tengeneza dirisha la kawaida, lifiche tu.

Printa ya risiti ya USB inakuja na WM_DEVICECHANGE. Mtu akichomoa waya na kurudisha unaweza kupata ujumbe huo mara kadhaa mfululizo, ukifungua printa kila unapoupata utajigonga mwenyewe, kwa hiyo ngoja nusu sekunde ukimya urudi ndo uangalie nini kimebadilika. Saa nayo ina ujumbe wake, WM_TIMECHANGE, na kwetu ni muhimu sana kwa sababu ya mashine za mtumba zenye betri ya CMOS, ile inayotunza saa, iliyokufa, inawaka asubuhi ikiwa na tarehe ya miaka ya nyuma, keshia anauza risiti tatu, intaneti ikija saa inaruka mpaka leo na zile risiti tatu zimebaki zamani. Siku hizi programu yangu ikiwaka ikaona tarehe iko nyuma ya mauzo ya mwisho inakataa kuuza mpaka saa irekebishwe.

Linux inafanya kwa njia yake, systemd-logind, msimamizi wa kuzima na kulala, inatangaza PrepareForSleep kupitia D-Bus, njia ya programu kutumiana ujumbe, na unaweza kushika kizuizi cha kuchelewesha, kwa kawaida kisichozidi sekunde 5. Wanaotengeneza programu za desktopu kwa Electron, yani kwa JavaScript, wana powerMonitor. Majina tofauti, sekunde zilezile chache.

Ila umeme wa ukutani ukikatika kwenye desktopu isiyo na UPS, betri ya akiba, hakuna anayebisha hodi. Hakuna ujumbe, hakuna sekunde hata moja. Ndo maana zile oda 11 sikuzitibu kwa kurekebisha FormClosing peke yake, nilibadilisha oda iandikwe kwenye SQLite, databesi ndogo inayokaa kwenye faili, kila bidhaa inapoongezwa, sio mwisho, na neno kuseviwa nikaliondoa kabisa kwenye skrini. Angalia kitu kimoja hapo, ukitumia WAL, ile hali ya SQLite kuandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni, weka synchronous, mpangilio wa kuhakikisha data imefika kwenye diski, iwe FULL, ikiwa NORMAL databesi haiharibiki lakini umeme ukikatika mauzo ya mwisho mwisho yanaweza kupotea hata kama uliambiwa yameingia. Itakuwa nzito kidogo. Kwa duka linalouza bidhaa moja baada ya nyingine hutaona tofauti.

Na kabla sijapeleka toleo jipya kwa mteja nafungua oda yenye bidhaa sita, nafunga mfuniko dakika kumi, nafungua nauza. Nachomoa printa katikati ya risiti. Naagiza kuzima kompyuta ripoti ikiwa inatengenezwa. Halafu naenda kwenye desktopu, naandika oda nyingine, nazima swichi ya ukutani, na ikiwaka nahesabu bidhaa moja moja kwa kidole.