Mashahidi wa Yehova si Kitawala
Hapa Lubumbashi, mzee wa Katuba bado atakuambia: «Wale Mashahidi wa Yehova ndio Kitawala, hawataki serikali.» Kitawala ni kundi jingine la dini hapa Kongo; kosa limeanzia kwenye jina. Maandishi ya Watch Tower, shirika la uchapishaji la Mashahidi, yalivuka mpaka kutoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) hadi Katanga miaka ya 1920. Kwenye «Tower» masikio yetu yakasikia «kutawala», na Wabelgiji, waoga wa neno hilo, wakawafunga watu. Lakini Kitawala walijiongoza wenyewe, kwa mafundisho yao. Mashahidi hawaimbi wimbo wa taifa, kweli, kodi wanalipa. Mobutu alilivunja shirika lao 1986, Korti Kuu ikaifuta amri yake 1993. Katiba ya 2006, kifungu cha 22, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, hata anayenyamaza bendera ikipandishwa.